Nyonga ya mzee haisubiri kikao cha ukoo

SWALI: Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Ujiji. Mama yetu ana miaka 78. Jumamosi baada ya mvua aliteleza uani alipokwenda kuanua nguo, akaangukia ubavu wa kulia, na tangu hapo hawezi kusimama. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Jioni ile shangazi alimleta mzee mmoja anayekanda, akamkanda kwa mawese, mama akapiga kelele hadi majirani wakaja. Jumapili tukampeleka hospitali, eksirei ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika, daktari akasema apasuliwe. Presha yake iko juu kidogo. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, anasema tusisaini kitu mpaka afike wiki ijayo tukae kikao. Shangazi anasema mzee wa umri huo akipigwa nusu kaputi haamki, bora arudi nyumbani apumzike, mfupa utajiunga wenyewe. Mimi ndiye ninayelala naye wodini na sijui nimsikilize nani. Tukisubiri hiyo wiki moja, kuna ubaya?
Kitinda mimba, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasomaji wangu, ujumbe huu uliingia kwenye simu ya safu Jumatatu asubuhi, na nilimpigia binti huyu kabla ya adhuhuri, maana jambo lake halikuwa la kungoja gazeti litoke. Ninayaandika hapa yale niliyomwambia, kwa idhini yake, pamoja na mengine ambayo kwenye simu hatukuyafikia.

Ndiyo, kuna ubaya, na ni mkubwa. Nimekuwa muuguzi wa wodi za mifupa Kigoma na Tabora mpaka nilipostaafu, na wazee niliowaona wakiondoka baada ya kuvunjika nyonga, wengi hawakuuawa na mfupa. Waliuawa na kitanda. Mzee akilala chali kwa maumivu, hapumui kwa kina, makohozi yanatuama, kichomi kinamwingia. Damu ya miguuni inakwenda polepole na kuganda, na donge likinyofoka likapanda mapafuni anaweza kufa ghafla akiwa anaongea. Ngozi ya kiuno na visigino inaanza kufa ndani ya siku chache, na vidonda vya kulalia vikishachimbika vinachukua miezi. Anaogopa kuomba chombo cha kujisaidia, kwa hiyo anaacha kunywa maji, mkojo unapata maambukizi, akili inavurugika. Na misuli ya mapaja, ambayo kwa umri huo ilikuwa inamtosha kwa shida, inanyauka kila siku anayolala. Hayo yote yanaanza Jumamosi ileile aliyoanguka. Hayamngojei kaka apate tiketi.

Upasuaji wa nyonga kwa mzee una lengo moja kubwa: aweze kuketi na kusimama mapema. Kuunga mfupa ni njia ya kufika hapo. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa apasuliwe siku aliyolazwa au kesho yake, na madaktari wa mifupa wa Marekani wanazungumzia saa 24 hadi 48. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Kanada, jimbo la Ontario, uliofuatilia wagonjwa 42,230 wa nyonga. Waliongoja zaidi ya saa 24 walifariki zaidi ndani ya mwezi mmoja kuliko waliowahi: asilimia 6.5 dhidi ya 5.8. Mnaweza kusema tofauti ni ndogo. Ni kweli, lakini hao walikuwa wanahesabu saa, na sisi tunahesabu wiki. Mwaka 2020 ukatoka mwingine wa nchi 17 na wagonjwa 2,970, ambapo kundi moja lilipasuliwa kwa haraka sana, wengi wao kwenye saa ya 6 hivi baada ya kugundulika, na jingine kwenye saa ya 24. Vifo havikutofautiana kwa namna ya kuaminika, ila waliowahi waliweweseka pungufu ya wenzao, wakasimama mapema na wakarudi nyumbani mapema. Kwa hiyo nusu siku ya kumwekea mgonjwa maji au damu haina hasara. Wiki ya kungoja kikao ina hasara.

Sasa mfupa wenyewe. Nyonga huvunjika kwa namna mbili kuu, na familia inafaa kujua mgonjwa wao ana ipi, maana mategemeo yanatofautiana. Ya kwanza ni hii ya mama yako, shingo ya mfupa wa paja. Kile kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya nyonga hupata damu kwa mishipa myembamba inayopanda kupitia shingo hiyo. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa inachanika, na kichwa kinabaki kama tawi la mwembe lililokatwa: kwa macho bado lipo, lakini halina kinacholilisha. Kwa mzee, mara nyingi daktari haungi hapo. Anatoa kichwa kile na kuweka cha chuma. Ya pili ni ya chini kidogo, pale mfupa unapopanuka kabla ya kuwa paja lenyewe. Hapo damu ni nyingi na mfupa unaunga vizuri, ila lazima ushikwe na skrubu na bamba, au chuma kirefu kinachopita ndani ya mfupa, la sivyo utaunga umepinda na mguu utabaki mfupi.

Kwa hiyo shangazi anaposema mfupa utajiunga wenyewe, kwa mvunjiko wa mama yako mwambieni kwa adabu kwamba hautajiunga. Na waunga mifupa, wale wa vijiti na majani, leo sitaki kuwasema vibaya, ila nyonga iko ndani sana, imezungukwa na misuli minene, na hakuna kijiti kinachoweza kuishika. Hata hogo la hospitali halifiki pale. Kukanda ndiyo kabisa: ncha za mfupa zinasagana ndani ya nyama, damu inavuja zaidi, na mzee anateswa bure. Ukimwona mzee ameanguka, mguu umefupika na unyayo umelalia nje, asikandwe, asisimamishwe kujaribiwa, asipakiwe bodaboda. Mlazeni kwenye godoro, wekeni mto katikati ya miguu, ifungeni pamoja kwa khanga, mwende. Na wapo wachache ambao mfupa umebanana, wanaweza hata kuchechemea kidogo kwa maumivu ya kinena au goti. Hao nao wapigwe eksirei.

Nusu kaputi. Hofu hii naiheshimu kwa sababu ni ya upendo. Lakini mgonjwa wa nyonga si lazima alazwe usingizi kabisa. Wengi huchomwa ganzi ya mgongoni, miguu ikafa ganzi naye yuko macho anasikia. Na hata ile ya kulala usingizi haijaonekana kuwa mbaya zaidi: utafiti wa mwaka 2021 wa Marekani na Kanada uliwagawa wagonjwa 1,600 kati ya njia hizo mbili, na baada ya siku 60 idadi ya waliofariki au walioshindwa kutembea ilikuwa karibu sawa, asilimia 18.5 kwa ganzi ya mgongoni na 18 kwa usingizi. Mwachieni mtaalamu wa usingizi achague. Siwafichi, nyonga ni jambo zito: hata kwenye nchi zenye huduma nzuri, kati ya wazee 100 wanaovunjika, 20 hadi 30 hawamalizi mwaka. Sehemu kubwa ya uzito huo ni ya ugonjwa wenyewe, udhaifu na kulala. Kumrudisha nyumbani alale hakumwondolei hatari, kunamwongezea.

Presha iliyo juu kidogo, mara nyingi ni maumivu na woga. Peke yake haitoshi kuahirisha. Yapo mambo ambayo daktari akisema tungoje, muwe na subira: damu iliyopungua sana, moyo ulioshindwa kazi na kujaza maji, kichomi kilichoenea mwilini, sukari iliyopanda ovyo, chumvi za damu kuharibika, au dawa za kuyeyusha damu alizokuwa anakunywa. Hayo yanatibiwa kwa saa kadhaa au siku moja mbili, kisha anaingia chumba cha upasuaji. Swali zuri la kumwuliza daktari kila asubuhi ni hili: leo tunangoja nini? Jibu likiwa ni la ugonjwa, sawa. Jibu likiwa ni chuma hakipo, au bingwa wa mifupa hayupo, au foleni, omba rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Kwetu magharibi huku umbali ni adui: hospitali ya Bugando kule Mwanza ni safari ya siku nzima, na kwa reli Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200. Upande wa Tabora ipo hospitali ya Nkinga, wilayani Igunga, ambayo watu wa mifupa wanaijua. Msikimbilie MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili kule Dar es Salaam, kwa sifa ya jina ikiwa hospitali ya karibu ina bingwa na ina chuma. Pigeni simu kwanza mjue nani yuko tayari, ndipo gari liondoke.

Nilimwuliza binti huyu jambo moja likamnyamazisha: mama mwenyewe amesemaje? Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama ana akili zake timamu, mwili ni wake, na sahihi ya kwanza ni yake. Kaka anaweza kushirikishwa kwa simu, daktari akazungumza naye dakika tano, kikao kikawa kimekwisha. Alipoulizwa, mama alisema anataka siku moja aende chooni mwenyewe bila kubebwa. Basi. Hilo ndilo lengo la matibabu, na hakuna mjumbe wa kikao aliyekuwa amelitaja.

Kuhusu fedha, muende dawati la ustawi wa jamii palepale hospitalini mapema, msingoje bili. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana haki ya msamaha wa matibabu kwa sera ya nchi. Mwenye bima aulize chuma kinalipiwa au la, kwa sababu hapo ndipo familia hushtukizwa. Ndugu wawili watatu wenye afya wakachangie damu leo. Wakati mnangoja, mama apewe dawa ya maumivu kwa saa zake, hata asipoomba. Wazee wetu hujikaza. Pale penye mtaalamu, ipo sindano ya ganzi kinenani inayotuliza nyonga vizuri sana, iulizieni. Diklofenaki ya kununua dukani msimpe, inamuumiza figo na tumbo. Na asishindishwe njaa kutwa: kwa kawaida chakula kinasimama saa 6 kabla ya usingizi wa upasuaji, maji safi saa 2. Upasuaji ukiahirishwa jioni, ulizeni hapohapo kama anaweza kula.

Baada ya upasuaji, kazi inahamia kwenu. Kesho yake tu aketishwe, na kama daktari hajakataza, asimame kwa fremu ya kutembelea. Watoto wengi wanamwonea huruma mama na kumzuia. Huruma hiyo imezika watu.

SWALI: Habari za kazi, mama. Babu yetu wa Urambo, miaka 81, aliwekewa kichwa cha chuma nyongani. Sasa yuko nyumbani wiki ya pili. Anaogopa kukanyaga, sisi wajukuu tunambeba. Usiku anaona watu ukutani na anamwita mke wangu kwa jina la marehemu bibi. Jirani anasema amerogwa akiwa wodini. Pia ni mtu wa swala, anataka kushuka kwenye mkeka.
Mjukuu, Urambo

JIBU: Mjukuu, hajarogwa. Kuweweseka baada ya kuvunjika nyonga ni jambo la kawaida kwa wazee na lina visababishi vya kutafutwa, kwa hiyo mrudisheni kituo cha afya apimwe mkojo, kifua, malaria, sukari na damu, na aangaliwe dawa anazokunywa. Nyumbani angalieni kama anakunywa maji ya kutosha, kama amepata choo (siku nne bila choo zinatosha kumchanganya mzee), kama maumivu yanamnyima usingizi. Mpeni miwani yake. Mchana dirisha liwe wazi, usiku taa ndogo iwake, na alale na mtu anayemfahamu. Akisema kuna watu ukutani msibishane naye na msimcheke. Mwambieni mko naye, mtajeni jina, mtajieni ni siku gani. Kwa wengi hupungua baada ya siku au wiki kadhaa.

Kubeba, acheni leo. Someni karatasi ya kuruhusiwa: kwa nyonga ya chuma, wagonjwa wengi huruhusiwa kuweka uzito wote, kwa sababu chuma hakingoji kuunga. Mpeni dawa ya maumivu nusu saa kabla. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si malapa. Fremu inatangulia, kisha mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Mara ya kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni, jioni tena, kesho hadi barazani. Mara nyingi kwa siku, hatua chache. Fundi seremala wa hapo kijijini anaweza kutengeneza fremu ya mbao, mradi iwe imara na vishikio vyake vifike usawa wa kifundo cha mkono wa babu akiwa amesimama.

Asikalie kigoda wala kuchuchumaa. Kwa wiki za mwanzo, kiasi alichoambiwa na daktari, goti lisipande juu ya nyonga, wala miguu isipishanishwe, kwa kuwa kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka. Kwa choo cha shimo, chukueni kiti cha plastiki chenye nguvu, mkikate tundu katikati, mkisimamishe juu ya shimo kisitikisike. Funga gogo la kushikia ukutani. Na swala, aswali amekaa kitini, ainame kwa kichwa. Dini imemrahisishia mgonjwa, na imamu wenu atamwambia hivyohivyo akiombwa aje amtembelee. Mwiteni. Neno lake litamtuliza babu kuliko langu.

Chakula: ugali wa muhogo peke yake haujengi msuli. Kila mlo uwe na samaki, dagaa, yai, maharage, karanga au maziwa, hata kidogo kidogo mara tano kwa siku. Akaote jua la asubuhi. Na kuna jambo linalosahaulika karibu kila mahali: mzee aliyevunjika nyonga kwa kuteleza tu ana mifupa iliyodhoofu, na nyonga ya pili iko njiani. Mwulizeni daktari dawa za kuimarisha mifupa, zipo vidonge vya kila wiki na ipo dripu ya mara moja kwa mwaka, pamoja na kalisi na vitamini D. Ipo pia sindano au kidonge cha kuzuia damu kuganda kwa takriban mwezi mmoja; hakikisheni hajaiacha.

Mkiona mguu wa chini umevimba na kuuma, pumzi inakata, kidonda kinatoa usaha, au mguu umefupika ghafla na maumivu makali, msingoje asubuhi. Kupona kwenyewe ni safari ya miezi: mafanikio mengi huonekana ndani ya miezi 6 ya mwanzo na yanaweza kuendelea hadi mwaka. Karibu nusu ya wazee hawarudi kutembea kama zamani, wengi watahitaji mkongojo. Mwambieni babu ukweli huo, na mwambieni pia kwamba mwenye mkongojo anafika msikitini.

SWALI: Bibi, Kasulu, miaka 84. Alivunjika chini ya shingo ya paja, hakupasuliwa, amefungiwa mawe ya kuuvuta mguu, wiki ya sita sasa. Tumechelewa?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Mwulizeni bingwa wa mifupa, akiwa na eksirei mpya mkononi. Mvunjiko wa shingo yenyewe unaweza kuwekewa kichwa cha chuma hata baada ya wiki nyingi, ingawa kazi ni ngumu zaidi. Huu wenu wa chini huelekea kuunga kwa kuvutwa, kati ya wiki 8 na 12, kwa hiyo huenda ikafaa kumalizia. Wakati huo ageuzwe kidogo kila baada ya saa 2, visigino vining'inie bila kugusa godoro, aketishwe mgongo juu kadiri kamba inavyoruhusu, avute pumzi ndefu kumi kila saa akiwa macho, na mguu usiovunjika aufanyishe mazoezi. Tazameni kiuno chake kila siku, pakiwa pekundu au peusi mwiteni muuguzi papo hapo. Mguu ukiunga mfupi, asimame pembeni ya meza, mwekeeni vibao vyembamba chini ya unyayo mpaka kiuno kilingane pande zote, kisha mpelekeeni fundi viatu vipimo hivyo aongeze soli ya upande huo tu.